Maswali ya wasomaji: Je, mtaa wetu unaweza kuwa na klabu ya kufundisha mbwa utii?

SWALI: Karibu kila nyumba mtaani kwetu ina mbwa wa ulinzi. Mchana wanafungiwa bandani, usiku wanafunguliwa, na alfajiri watoto waendao shule hukimbizwa nao. Jirani ametuambia kwamba Marekani wafugaji hukutana katika klabu na kufundisha mbwa wao pamoja. Klabu hizo zilianzaje, na je, zingetufaa?
Mfugaji, Buswelu, Mwanza

JIBU: Ahsante, ndugu msomaji. Huko Marekani, katika historia ya klabu hizo, anayetajwa kwanza ni Bi Helene Whitehouse Walker, mfugaji wa mbwa aina ya pudeli (wenye manyoya yaliyojisokota), ambaye hakupendezwa na watu waliowaona mbwa wake kuwa pambo tu. Mwaka 1933, huko Mount Kisco katika jimbo la New York, aliandaa jaribio la utii lililokuwa wazi kwa mbwa wa aina zote, na mbwa 8 wakashindana. Mwaka 1936 American Kennel Club, chama kinachosajili mbwa huko Marekani, kikapitisha kanuni za mashindano hayo, na mwaka uliofuata Bi Walker na mkufunzi Blanche Saunders wakazunguka nchi hiyo kwa gari lenye trela, wakionyesha mafunzo hayo mji kwa mji.

Ninachotaka ukishike kuliko historia hiyo ni kwamba klabu haimchukui mbwa wako ikakurudishia akiwa amefundishwa. Inakufundisha wewe, nawe ukamfundishe. Chukua amri ya "Kaa". Shika dagaa mmoja mkavu, asiye na chumvi, mbele ya pua ya mbwa, kisha mpandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa; mbwa akimfuata kwa macho, kichwa hupanda na makalio hushuka yenyewe. Yakigusa tu ardhi, msifu na umpe dagaa wake papo hapo, kwa sababu ukichelewa atadhani anatuzwa kwa kunyanyuka. Hilo utaliweza uani kwako. Usiloliweza peke yako ni kumzoeza kutulia vilevile huku mbwa wengine watano wakiwa hatua chache kando yake, bodaboda ikipita na watoto wakipiga kelele, na hilo ndilo hasa linalokosekana mtaani kwenu.

Mbwa anayeshinda bandani atajuaje kwamba mtoto mwenye begi la shule si mwizi? Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake ndipo mtoto wa mbwa huzoea watu na sauti kwa wepesi. Aliyekosa nafasi hiyo bado hufundishika, ila kwa subira kubwa zaidi. Wapo wanaoamini kwamba mbwa mtiifu hafai kulinda, nami sikubaliani nao hata kidogo, kwani mlinzi asiyeitikia mwito wa mwenyewe ni hatari kwa mtaa mzima.

Kabla ya kukutana mara ya kwanza, kila mbwa awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Ofisa mifugo wa kata atawaelekeza. Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo. Mbwa ambaye amekwisha kuuma mtu msimlete katika kundi mpaka daktari wa mifugo amwone, na mageti yafungwe kabla watoto hawajaanza kupita.