Paka dume anachuchumaa, mkojo hautoki: usisubiri kuche

Usiku ule Kiberiti, paka wangu dume, aliingia kwenye trei ya mchanga anamojisaidia mara saba kabla sijazima taa. Anachuchumaa, anajikamua, anatoka, anajilamba chini ya mkia, anarudi. Mara ya nane akachuchumaa kwenye zulia, akanitazama usoni, akalia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake, mzito, wa kooni. Nikajiambia tumbo limefunga. Nikamnywesha kijiko cha mafuta ya kula, nikalala.

Asubuhi nikampeleka kliniki. Daktari alimwangalia akiwa bado ndani ya kikapu, akauliza kama anakula, nikasema hapana. Akamchoma sindano mbili, akasema ni homa, nirudi baada ya siku tatu. Dakika tano tu, tumemaliza. Nilitaka kumwambia habari ya kule kuchuchumaa, lakini nikajiuliza mimi nani hata nimfundishe daktari kazi yake. Nikanyamaza, nikalipa, nikaondoka. Nimeyajutia mafuta, ila ule ukimya nimeujutia zaidi.

Jioni akaanza kutapika povu. Akajilaza ubavu kwenye sakafu ya bafuni, hataki kuguswa. Kwenye kliniki ya pili daktari alimtoa kwenye kikapu, akampapasa tumbo taratibu, akauliza: "Amekojoa lini mara ya mwisho?" Sikuwa na jibu. Akanishika vidole viwili, akavielekeza pale pale alipokuwa ameweka vyake. Kulikuwa na kitu cha duara, kigumu, kama jiwe lililoviringishiwa kitambaa. Kilikuwa kibofu.

Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana. Chembechembe laini kama mchanga zikichanganyika na ute zinatosha kuiziba. Mkojo usipotoka, shinikizo linarudi hadi kwenye figo, taka zinabaki ndani ya damu, na potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, inapanda mpaka moyo unaanza kupiga ovyo. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Jike naye huugua kibofu, ila kuziba kabisa huwapata zaidi madume. Na kwa mtu anayetazama tu, paka anayejikamua kwa ajili ya choo na anayejikamua kwa ajili ya mkojo ni mmoja. Ndiyo maana mchanga mkavu kwenye trei una maana kuliko mengi niliyokuwa nikiyawazia usiku ule.

Kiberiti aliwekewa dripu, akapimwa damu kuona figo na potasiamu, moyo ukaangaliwa, kisha akapewa dawa ya usingizi na kuingizwa mrija mwembamba kwenye njia ya mkojo. Mkojo uliotoka ulikuwa mwekundu. Mrija ulikaa siku mbili.

Tangu hapo siendi kwa daktari na neno "anaumwa" peke yake. Naenda na karatasi: amekula lini mara ya mwisho, amekunywa, amekojoa, ametapika mara ngapi, na matapishi yalikuwa ya rangi gani. Pumzi nazihesabu akiwa amelala, kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja, kwa nusu dakika, halafu nazidisha mara mbili. Zikizidi 30 kwa dakika na zikaendelea kuzidi kila nikihesabu, nampigia daktari. Fizi nazitazama pia: za waridi ni nzuri, nyeupe, za njano au za buluu si za kulala nazo. Na simu ya mkononi ina kazi yake hapa. Paka akifika kwenye meza ya daktari huganda kama sanamu, dalili zote zinapotea, kwa hiyo mrekodi video nyumbani akiwa katika hali yenyewe.

Sema pia ulichompa, hata kama ni cha aibu. Mimi habari ya mafuta niliitoa kwa sauti ya chini, na daktari akaweka stethoskopu kifuani papo hapo, kwa sababu mafuta ya kunyweshwa kwa nguvu yanaweza kupita njia ya hewa yakaleta nimonia. Kuhusu dawa za watu sina mzaha. Parasetamoli ni sumu kwa paka: ini lake haliwezi kuivunja kama letu, damu inashindwa kubeba oksijeni, fizi zinageuka rangi ya udongo. Kidonge kimoja kinaweza kumuua. Kama umeshampa, usingoje uone itakuwaje, mkimbize na uende na pakiti yake.

Kabla hujatoka nyumbani, piga simu. Wapo madaktari wa mifugo hodari kabisa ambao mwaka mzima hutibu ng'ombe na kuku, na mrija wa paka hawana. Si kosa lao, lakini ni heri ulijue kabla ya kuvuka mji. Uliza: mnatibu paka? Mnaweza kumfungulia mkojo leo hii? Akilazwa, usiku anabaki na nani? Hilo la mwisho watu hulisahau, na mrija ukizibika saa nane za usiku bila mtu wa kuona, ni kama hakutibiwa.

Mbele ya daktari nina maswali yangu, nayauliza kwa adabu: unadhani ni nini, kinaweza kuwa nini kingine, kipimo gani kitatuonyesha tofauti, na tukingoja hadi kesho itakuwaje? Sindano hii ni ya nini, naomba jina lake uniandikie. Daktari mzuri hakasiriki. Wa pili yule alinichorea kibofu nyuma ya risiti. Kama pesa haitoshi, sema mwanzoni kabisa, kisha uliza kipimo kipi kitangulie. Nimeona watu wanakubali vipimo vyote kwa haya, halafu wanakwama kwenye matibabu yenyewe.

Ukipewa jibu la haraka kama nililopewa mimi, na tumbo halikuguswa, nenda kwingine siku hiyohiyo. Wala huhitaji kugombana na mtu. Vivyo hivyo ukimwona anahema mdomo wazi, au miguu ya nyuma imepooza ghafla na ni ya baridi: hapo hakuna miadi, ni kuondoka.

Kurudi nyumbani hakukuwa mwisho. Wiki za kwanza ndizo zenye hatari ya kuziba tena, na aligoma kula. Paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, mafuta ya mwili humiminika kwenye ini na kulivuruga, akawa amepata ugonjwa wa pili. Tulimlisha chakula laini kilichopashwa moto kidogo, kwa kidole, huku akinitazama kama vile namdai. Maji nikaweka bakuli tatu sehemu tofauti, mbali na trei.

Mchanga wenyewe nauchekecha kila usiku kabla ya kulala na kuhesabu mabonge yaliyolowa. Mke wangu anacheka. Jana yalikuwa matatu, makubwa, nikazima taa.