Jibu: Tourney ya ofa au niongeze nipate Claris?
Habari ndugu. Umekwama kati ya baiskeli mbili zenye mifumo ya gia ya kampuni ya Shimano: ya Tourney yenye gia 14 iliyoshushwa bei, na ya Claris yenye gia 16 iliyo ghali kidogo. Anza na saizi ya fremu. Wakati wa ofa mara nyingi hubaki ndogo sana na kubwa sana, na fremu isiyokutosha hakuna fundi atakayeirekebisha. Simama ukiwa umeiweka baiskeli katikati ya miguu, nyayo zote chini: bomba la juu la fremu lisikuguse.

Zote zikikutosha, ongeza uchukue Claris. Tourney ina kitufe cha dole gumba ubavuni mwa hendeli. Ukiinama ukashika sehemu ya chini ya usukani uliopinda, hukifikii vizuri. Claris unabadili gia kwa vidole vilevile vya breki, na ndivyo ninavyofanya nikishuka kutoka Ngong. Bakiza pesa za helmeti na pampu.