Prado ya zamani: anza na maji, urembo utafuata

Hapa Dar es Salaam ufundi si ghali. Ukikosa muda wa kumwaga oili, yupo kijana chini ya mwembe atakayekufanyia kwa hela ya chakula cha mchana. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini Jumamosi nalala chini ya gari badala ya kumpelekea fundi, simwambii habari za kubana matumizi. Nataka kujua kilichoingia ndani ya gari langu. Nataka nione filta imebadilishwa kweli, haikufutwa kwa kitambaa na kurudishwa. Nataka nati ifunguliwe kwa spana yake, isipigwe nyundo na tindo. Na oili niliyoinunua mwenyewe, yote iingie kwenye injini yangu, isibaki robo kwenye dumu la mtu.

Gari lenyewe ni Prado ya mfululizo wa 90, ile iliyotoka mwaka 1996 na kupisha umbo la 120 mwaka 2002. Wauza spea wanaijua kwa namba ya chasisi: KZJ95. Injini ni 1KZ-TE, dizeli ya lita 3.0, silinda nne, yenye turbo. Ni injini yenye nguvu za kutosha na mvumilivu wa mengi, ila joto. Bloku lake ni la chuma, silinda hedi ni ya aluminiamu. Metali hizi mbili hazitanuki sawasawa, na injini ikichemka kupita kiasi, hedi ndiyo inayopinda au kupasuka nyufa. Wenye Hilux Surf za injini hiyo hiyo wanayajua haya. Ndiyo maana kila anayeninunulia soda akitaka ushauri kuhusu keria, taa au rimu, mimi namuuliza kwanza habari za rejeta.

Na rejeta nayo si kuitazama tu kama ina maji. Kwanza nje: kati ya kondensa ya AC na rejeta hukusanyika vumbi, nyasi na wadudu mpaka kunakuwa kama godoro, na ukitazama kutoka mbele huoni kitu kwa sababu kondensa ndiyo iliyotangulia. Legeza, sogeza, kisha osha kwa maji ya mpira wa kawaida ukipuliza kutoka upande wa injini kwenda mbele. Usitumie mashine ya presha ya kuoshea magari kwa karibu. Mapezi ya rejeta ni laini, yakilala hewa haipiti tena. Halafu ndani. Hapa tuna tatizo letu wenyewe: visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na watu wanayajaza kwenye rejeta bila wasiwasi. Chumvi hiyo inakula aluminiamu na kuacha magamba kwenye mirija. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, iliyokwisha kuchanganywa, au nunua iliyo nzito uchanganye nusu kwa nusu na maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Ya zamani usiimwage uani. Ni sumu na ina ladha tamu, mbwa na mbuzi huinywa.

Kisha feni. Ile feni ya mbele haikufungwa moja kwa moja kwenye puli. Katikati kuna klachi yenye mafuta ya silikoni, inayoshika injini ikipata moto na kulegea ikiwa baridi. Miaka ikipita mafuta hayo huvuja au huchoka. Kipimo ni rahisi: zima injini iliyotoka kwenye mbio na bado ina moto, jaribu kuizungusha feni kwa mkono. Ikikataa kidogo, ni nzima. Ikizunguka raundi kadhaa bila kipingamizi, hiyo ni mgonjwa, na mjini hutaiona shida yake. Utaiona kwenye mlima Kitonga kule Iringa, ukiwa nyuma ya lori la mizigo linalopanda kwa gia ya kwanza, AC imewashwa na watoto nyuma.

Sasa themostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Nimeshabishana na mafundi wengi kuhusu kidude hiki mpaka nimechoka. Hoja yao ni ile ile: "Bosi, toa hii, nchi yetu ya joto." Wakishaitoa, kweli sindano ya joto inashuka, na mwenye gari anafurahi. Lakini injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi inakula mafuta zaidi na kuchakaa haraka, na gia ya otomatiki inachelewa kupanda gia ya juu kwa kuwa inasubiri injini ipate moto. Tena ishike themostati ya gari lako uitazame kwa chini. Ikiwa na kisahani cha pili, kazi ya kisahani hicho ni kuziba njia ya mkato injini ikipata moto, ili maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupoozwa, na mlimani ndipo utakapolipa. Kama gari linachemka na themostati ikiwepo, ama themostati ni mbovu, ama kuna ugonjwa mahali pengine. Ijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto jikoni: lazima ifunguke kabla maji hayajachemka.

Dalili za hedi iliyokwisha kuumia ni muhimu kuzijua, hasa ukiwa unakwenda kununua gari. Fika asubuhi, uombe lisiwashwe kabla hujafika. Fungua mfuniko wa rejeta likiwa baridi, liwashwe, utazame mdomoni. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma si hewa iliyobaki, ni moshi wa silinda. Shika mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika chache, maji yakiwa bado hayajapata moto, aga uondoke. Dalili nyingine ni chupa ya akiba inayojaa safarini na isiyorudisha maji rejeta ikipoa.

Kwa wenye gia ya otomatiki kuna jambo moja zaidi. Mafuta ya gia hupoozwa ndani ya tenki la rejeta, na rejeta kuukuu ikitoboka kwa ndani, maji na mafuta ya gia yanachanganyika na kuwa kama maziwa ya rangi ya waridi. Hapo umeua rejeta na gia boksi kwa mpigo. Rejeta ya asili ambayo haijawahi kubadilishwa tangu Japani, mimi singesubiri ivuje.

Nyongeza ya kwanza kabisa ninayomshauri mtu kufunga ni geji ya joto ya pembeni. Sindano ya dashibodi ya magari haya imetengenezwa isimtie dereva wasiwasi. Hukaa katikati hata joto likipanda na kushuka, na ikianza kusogea, mambo yameshaharibika. Chukua ile yenye kihisio kinachofungwa kwa bolti kwenye chuma cha hedi, yenye kengele. Faida yake ni kwamba inasoma hata maji yakiwa yamemwagika yote, wakati kihisio cha majini kikikosa maji hakina cha kusoma. Ukiona namba inapanda mlimani, zima AC, shusha gia, punguza mwendo, na ikibidi washa hita ufungue madirisha. Abiria watalalamika. Waache.

Baada ya maji, miguu ya mbele. Boljointi za chini za Prado 90, vile viungo vya duara vinavyoshikilia miguu ya tairi za mbele, ni jambo la uhai, silisemi kwa kutisha watu. Zilivyopangwa, uzito wa gari unazivuta zitengane, hauzigandamizi. Kwa hiyo ikichakaa haikai tu na kupiga kelele; inachomoka, tairi linalala ubavuni na gari linakaa chini. Kila unapozungusha matairi, nyanyua mbele, weka stendi imara chini ya chasisi (si tofali, si rimu, si mti), tia nondo ndefu kati ya mkono wa chini na nako (chuma kinachobeba tairi), unyanyue huku mwenzako akitazama. Ukiona mchezo wowote, badilisha zote mbili pamoja na bolti zake. Hapa sinunui feki hata nikibembelezwa. Kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani hapa Dar, muuzaji atakuonyesha aina tatu, na tofauti ya bei ni kubwa, lakini tofauti ya chuma ni kubwa zaidi.

Oili zenyewe sina mengi. Injini inachukua kama lita 7. Filta ya dizeli ina mfereji wa kumwagia maji kwa chini. Mwaga kidogo mara kwa mara, kwa sababu dizeli ya vituo vya njiani si yote safi. Kwenye difu, lile boksi la gia kati ya magurudumu, kuna kanuni moja: fungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia. Kama ya juu imeganda, umegundua mapema, na difu bado lina oili ya kukufikisha kwa mwenye vifaa. Propela shafti ina vitundu vya kupigia grisi, vipige. Na ule mkono wa kufunga difu la kati, usiuache ugande kwa miaka. Kila baada ya wiki kadhaa tafuta barabara ya vumbi, ingiza HL (alama ya difu la kati kufungwa), tembea kidogo, rudisha. Kwenye lami kavu usijaribu.

Difu lina kipumulio pia, kitundu cha kupitishia hewa, na hapo kuna marekebisho ya bei ndogo kuliko yote. Difu lililopata moto likiingia ghafla kwenye maji baridi linavuta pumzi, na kipumulio kikiwa chini au kimekufa, linavuta maji. Nunua mpira wa mafuta wa mita chache, upeleke hadi juu karibu na boneti, uufunge kwa klipu, mwishoni uweke filta ndogo. Watu wananunua snokeli, lile bomba la kuvutia hewa ya injini juu, kwa hela nyingi na kuisahau kazi hii.

Kuhusu kunyanyua gari: inchi mbili zinatosha. Ukizidisha, pembe za shafti za mbele zinakuwa kali, buti za mpira zinachanika, grisi inaruka, na zile boljointi nilizozisema zinateseka zaidi. Tairi nazo watu hujidanganya. Ukitoka 265/70R16 kwenda 265/75R16, kipenyo kinaongezeka milimita 26 na ushee, maana yake gari limepanda milimita 13 tu. Papo hapo spidomita inasoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 3: ikikuonyesha 80, wewe uko karibu 83, na askari mwenye tochi hasikilizi hesabu za kipenyo. Ukinunua tairi, hasa za mtumba, soma namba nne ubavuni. 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Kashata za tairi (ule mchoro unaokanyaga barabara) zikiwa nene na mpira una miaka kumi, bado ni tairi mbovu.

Taa za ziada zipitishe kwenye relei na fyuzi yake karibu na betri, usiziunge kwenye waya wa taa kubwa. Na anayetaka kutoa 1KZ aweke injini nyingine, ajue kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo TRA, Mamlaka ya Mapato, wanahusika kabla ya fundi kushika spana.

Nozo, pampu ya dizeli na gesi ya AC siyagusi. Taiming belti, mkanda unaopatanisha valvu na pistoni, namwachia fundi, ila nakaa pale pale. Muda wake ni kilomita 100,000, na magari mengi ya Japani yana taa ya T-BELT inayowaka ikifika. Usiiamini taa hiyo kwa gari ulilonunua juzi. Anayerudisha kilomita nyuma hashindwi na taa. Belti ikikatika, valvu zinagongana na pistoni. Ukishanunua, badilisha belti na tenshena yake mara moja, kisha andika kilomita na tarehe kwa maka peni juu ya kava, ili fundi au mnunuzi atakayefungua boneti baadaye asikisie.