Kikundi cha kusaidiana katika mapenzi kwa watu wazima wenye usonji

"Ameniandikia 'tutaonana', kisha wiki nzima kimya. Alimaanisha nini?" Maswali ya namna hii ndiyo kazi kubwa ya kikundi cha watu wazima wenye usonji (autism, hali ya ubongo inayomfanya mtu awasiliane na kuhisi mambo tofauti na wengi) wanaotafuta wachumba au walio tayari kwenye mahusiano. Kwingine wamezoea kujibiwa "utajua tu", na jibu hilo linaumiza, maana mtu hajui na ameshaambiwa kwamba wengine wote wanajua. Ndani ya kikundi, yasiyosemwa kwingine yasemwe kwa maneno kamili.

Watu sita hadi wanane wanatosha. Wakizidi kumi, wanaohitaji muda kabla ya kujibu wataondoka bila kusema lolote. Kutaneni dakika 90, na mapumziko katikati. Mada itumwe siku mbili kabla, pamoja na maelezo ya chumba: taa zikoje, kuna kelele gani, mlango wa kutokea uko wapi. Kuchangia kwa kuandika kuhesabiwe sawa na kusema. Beji za rangi tatu husaidia sana, kama zilivyotumika Autreat, mikutano iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996 na watu wenye usonji wenyewe. Kijani: njoo tuzungumze. Njano: wanaonijua tu. Nyekundu: usinisemeshe kwanza. Waongozaji wawe wawili, ili mmoja aongoze mazungumzo na mwenzake aangalie saa na aliyetoka nje kwa kulemewa, bila kumlazimisha arudi.

Mtu akileta jambo lake, lipitisheni hatua nne zilizoandikwa ubaoni. Kwanza, maneno au matendo yenyewe, bila tafsiri. Pili, yeye aliyaelewaje. Tatu, wenzake watoe maana nyingine zinazowezekana, zisipungue tatu. Nne, atungiwe sentensi moja ya kumwuliza mhusika. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahauliwa, na ikisahauliwa kikundi kinageuka baraza la kubashiri, wakati mwingine hata kupiga kura kama mtu aachane na mpenzi wake. Hakuna mle ndani anayejua kilichomo moyoni mwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Damian Milton, mwanasosholojia mwenye usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao hutoka pande zote mbili. Kwa hiyo huenda huyo wa pili naye anakisia, na swali la wazi litampunguzia mzigo.

Sentensi yenyewe iwe fupi: "Nilifurahi kukaa nawe. Ningependa tuonane tena Jumamosi. Wewe je?" Asipojibu, akumbushwe mara moja tu baada ya siku nne au tano. Kimya kikiendelea, kihesabiwe kuwa ni hapana. Msiiache kanuni hii bila sababu yake: ujumbe wa tatu na wa nne, hata ukiwa mpole kiasi gani, humfanya mpokeaji ajione anaandamwa. Na kabla ya kusoma ujumbe wa mtu mbele ya kikundi, ondoeni jina na picha, kwa kuwa hakuombwa ruhusa.

Kukutana mara ya kwanza kusizidi saa moja, mahali patulivu, na saa ya kuondoka itajwe tangu mwanzo.

Kuhusu kueleza usonji, wengi huficha mpaka wakachoka kabisa, au humwaga kila kitu siku ya kwanza. Anayejifanya kila siku humzoesha mpenzi mtu ambaye hataweza kuendelea kuwa. Ni nafuu kutaja jambo moja, maana yake, na unachoomba: "Nikinyamaza ghafla, kelele zimenichosha, sijakasirika. Naomba nusu saa peke yangu, kisha nitarudi." Aliyeomba nusu saa arudi ikiisha, hata kama ni kuomba nyingine.

Mguso nao unahitaji maneno. Wapo ambao kupapaswa kidogo kunawaudhi ilhali kukumbatiwa kwa nguvu kunawatuliza. Chora safu tatu: napenda, inategemea, sitaki. Kila mmoja ajaze peke yake, kisha walinganishe. Lililoandikwa "napenda" bado linaulizwa siku hiyo, na linaweza kukataliwa hata katikati.

Kuna wakati hatua nne zinawekwa kando. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba anaelewa mambo vibaya huamini upesi mpenzi anapomwambia hivyo hivyo. Mkisikia kwamba mpenzi anamshikia simu au pesa, anamkataza kuonana na watu, au anatumia usonji wake kufunga kila mjadala, msipatanishe na msimtume akaulize. Swali la wazi hapo linaweza kumtia hatarini. Mwongozaji azungumze naye faragha, akiwa na namba za wanaosaidia walionyanyaswa. Namba hizo zitafutwe kabla ya mkutano wa kwanza.

Wanakikundi wakipendana? Itatokea, na kukataza huwafanya wafiche. Waongozaji wasimtongoze mwanakikundi kamwe, kwa sababu wanashika siri za wote. Wengine wawaarifu waongozaji, na wasilete mambo yao ya ndani kikundini mmoja wao asiporidhia. Wakiachana, wahudhurie kwa zamu, wiki huyu, wiki yule, mpaka wote wawili waseme wako tayari kukaa chumba kimoja.