Neno liko mdomoni ila halitoki, ndo uzee au ndo naanza kupotea?

SWALI: Dokta habari. Nina miaka 63, nimefundisha msingi nimestaafu, niko Tanga. Juzi napika wali wa nazi nikamwambia mjukuu nipe kile... kile bwana cha kuchujia tui! Nakiona kabisa kichwani, mkono unaonyesha kukamua, neno halitoki. Mtoto kaniletea chujio la chai. Nimekuja kulikumbuka usiku naoga, kifumbu! Halafu huyo mjukuu kumwita nataja kwanza jina la mama yake, la mjomba wake, la paka, ndo nafika kwake. Wao wanacheka, mimi roho juu, maana dada yangu alianza hivi hivi akaishia kutotujua. Usiku nameza vile vidonge vya njano vya mafua ili nipate usingizi. Niambie ukweli.
Mwalimu mstaafu

JIBU: Shikamoo mwalimu.

Hebu rudia ulichomwambia mtoto. Ulisema "kile", hukusema "ile" wala "lile". Ngeli unayo, na hiyo ki ndo mwanzo wa neno lenyewe, yani kipande cha kifumbu kilishakutoka mdomoni na wewe hujui. Mwaka 1966 wanasaikolojia Roger Brown na David McNeill, kule chuo kikuu cha Harvard Marekani, waliwasomea wanafunzi maana za maneno adimu wayataje, na waliokwama mara nyingi waliweza kusema herufi ya kwanza au neno lina silabi ngapi. Na hao ni vijana.

Maana ya neno na sauti yake havikai pamoja kichwani, kuna njia katikati, na mwanasaikolojia Deborah Burke na wenzake walieleza mwaka 1991 kwamba umri unaidhoofisha hiyo njia, hasa kwa neno lisilopitishwa mara kwa mara. Ghala lenyewe halijaibiwa, msamiati wa mtu wa 60 na kitu kwa kawaida unaushinda wa mjukuu aliye chuo. Sasa tangu blenda na tui la pakiti viingie jikoni, kifumbu unakitaja mara ngapi kwa mwezi? Majina ya watu ndo balaa zaidi kwa sababu hayana pa kushikia: fundi cherehani ukisahau anafanya nini utaona futi kamba shingoni, lakini kwamba anaitwa Hamisi na sio Juma hakuna kitu mwilini mwake kinachokwambia.

Hilo la paka ni jingine kidogo. Majina ya mnaopendana yako kapu moja, ukitaka moja yanaruka yote, na ubongo inabidi uyanyamazishe mengine, na kazi ya kunyamazisha inakuwa nzito umri ukienda. Kuna jaribio la Stroop la 1935 la kupima huko kunyamazisha, unaona neno "nyekundu" limeandikwa kwa wino wa kijani unatakiwa utaje rangi ya wino, sio kusoma neno, wazee wanachelewa kuliko vijana. Wengine wanasema breki imelegea, wengine wanasema ni spidi tu imepungua, wanabishana mpaka leo. Ila kuchanganya majina hata vijana wanachanganya, watafiti wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, waliandika hivyo 2016, na mbwa wa nyumbani walikuwemo kwenye majina, paka ndo karibu hawakuonekana, kwahiyo huyo wako anapendwa sana!

Ukikwama zima redio, pitisha a, be, che, ikigoma uliza, halafu neno ukilipata litamke kwa sauti mara kadhaa maana kulipata kunasaidia lisikwame tena. Tembea pia, utafiti wa chuo kikuu cha Birmingham, Uingereza, wa 2018 uliona wazee wenye pumzi nzuri wanakwama mara chache.

Kinachonikera mimi ni hivyo vidonge. Vingi vya njano vina klorofeniramini, dawa ya mzio na mafua, usingizi vinaleta kweli lakini kwa umri wetu vinatia ukungu kichwani mpaka asubuhi. Mwambie daktari wako, apime na presha, tezi ya shingo na vitamini B12, na mwambie habari za dada pia.

Ningeshtuka kama ungeshika kifumbu usijue ni cha nini, au upotee njia ya sokoni, au uulize swali lile lile mara tano asubuhi moja. Na ulimi ukigoma ghafla, mdomo ukaenda upande au mkono ukafa ganzi, hiyo ni dalili ya kiharusi, kimbia hospitali saa hiyo hiyo usisubiri kesho. Kwa haya mengine nenda kliniki kwa nafasi yako, ila nenda na mtu mnayeishi nyumba moja, maana daktari atamuuliza na yeye.