Mtungi wa moto, mtungi wa baridi: majibu kwa wasomaji wa Kusini

*Fundi, nikihamisha hewa kutoka mtungi mkubwa kwenda mtungi wa kuzamia, mdogo unapata moto na mkubwa unapoa. Joto linahama? (Mzamiaji, Mikindani)*

Hapana, ndugu yangu. Kila mtungi una kisa chake. Hewa inayobaki kwenye mkubwa inatanuka na kuisukuma ile inayotoka. Kazi hiyo inailipia kwa joto lake yenyewe. Kwenye mdogo, hewa iliyotangulia inashindiliwa na inayofuata. Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole, sukuma mara kumi, kisha shika pampu karibu na mdomo uone. Kama chuma kisingemeza joto, hewa ya nyuzi 27 ikiingia kwa presha isiyoshuka kwenye mtungi mtupu ingefika karibu nyuzi 147. Bahati nzuri chuma kinameza sehemu kubwa.

*Nilijaza hadi presha ya bari 200, asubuhi geji inasoma 182. Unavuja? (Huyo huyo)*

Huenda hauvuji kabisa. Ukiacha kujaza hewa ikiwa nyuzi 60, nayo ikapoa hadi 30, bari 200 hushuka hadi 182 bila hewa kupungua hata chembe. Paka povu la sabuni kwenye koki. Lisipochemka, koki ni nzima. Jaza polepole, acha mtungi upoe, ndipo uongeze, na kabla ya kushuka majini soma geji ya mtungi uliopoa. Wapo wanaoutumbukiza kwenye pipa la maji wakati wa kujaza. Maji yanapoza kweli, lakini tone likinasa kwenye mdomo wa koki linapulizwa ndani, na kutu ya ndani huioni. Mimi nasubiri.

*Nahamisha oksijeni kwenye mtungi mdogo. Koki inagoma, nikaipaka grisi. Kuna ubaya? (Fundi wa kuchomelea, Masasi)*

Acha leo hii, tafadhali! Ukifungua koki ghafla, oksijeni inakimbia na kugonga mahali palipoziba, inashindiliwa kufumba na kufumbua, joto linapanda kiasi cha kuiwasha grisi. Ndani ya oksijeni tupu mpira unawaka, hata chuma kinaweza kuwaka. Mikono yenye mafuta isiguse koki hiyo. Iliyokwisha kupakwa usiifungue tena, irudishe kwa aliyekuuzia gesi na umweleze ulichofanya. Nayo asetilini, ile gesi ya kuchomelea, usiihamishe kamwe. Imeyeyushwa ndani ya asetoni kwenye mtungi wenye kijazio maalumu, na ikishindiliwa peke yake hulipuka hata bila hewa.

*Nikichemsha supu ya pweza muda mrefu, mtungi wa gesi unatoka jasho chini na moto unafifia. Mbovu? (Mama lishe, Lindi mjini)*

Si mbovu, mama. Ndani mna gesi iliyoshindiliwa ikawa majimaji, na ili ichemke kuwa mvuke inachukua joto la mtungi. Mstari wa jasho unaonyesha ilipofikia. Usiuweke karibu na jiko la mkaa ili upate joto. Punguza moto, au tumia mtungi mkubwa zaidi.

*Shikamoo. Gesi zote hupoa zikipita kwenye koki? (Mwanafunzi, Newala)*

Marahaba, mwanangu. Nyingi hupoa, ikiwemo gesi asilia ya Mnazi Bay ikishushwa presha. Hidrojeni na heli, kwa joto hili letu, hupata moto kidogo.