Maswali yenu kuhusu magari, mafuta na hewa ukaa

Tangu niandike kuhusu moshi wa barabarani, maswali hayajakoma. Nimechagua yanayowagusa wengi. Namba mbili zitatusaidia kote: lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, ile gesi inayoipasha dunia joto, na lita ya dizeli kilo 2.7. Hewa hiyo ina uzito zaidi kuliko mafuta yenyewe kwa sababu kaboni iliyomo kwenye mafuta, inapoungua, hushikana na oksijeni ya angani.

Shikamoo. Hapa Dar es Salaam natoka Tabata kwenda Posta kila siku na Toyota yangu ya petroli. Jirani amefunga mtungi wa gesi, anasema siku hizi hachafui hewa hata kidogo. Ni kweli?

Marahaba. Jirani yako anaokoa fedha, hilo halina ubishi. Kilo moja ya gesi asilia hufanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli, na kwa mwendo uleule hewa ukaa hupungua kwa takriban asilimia 20. Masizi nayo hupungua sana. Lakini kusema hachafui hata kidogo, hapana.

Gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay kwa sehemu kubwa ni methani. Ikiungua, sawa. Ikivuja kabla ya kuungua, inaipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito huohuo, ukihesabu miaka 20 ya kwanza. Sasa tupige hesabu. Kila kilo ya gesi unayotumia badala ya petroli inakuepusha na kama gramu 650 za hewa ukaa. Gramu 8 tu zikivuja mahali popote, kisimani, kwenye bomba, kituoni au kwenye mipira ya gari lako, faida yote imekwisha. Ndiyo maana nasisitiza fundi aliyeidhinishwa, na mtungi ukaguliwe kwa wakati hata kama gari linatembea vizuri.

Kwa gari ambalo tayari unalo, ningefunga gesi. Kununua gari jipya kwa sababu tu linatumia gesi, nisingefanya.

Mnatuambia tuache magari tupande mabasi ya mwendokasi. Umewahi kusimama kituo cha Kimara saa moja asubuhi? Nimechoka. Nanunua gari.

Nimesimama, dada yangu, na hasira yako naielewa. Naomba unisikilize hadi mwisho.

Basi kubwa la dizeli linalokunywa lita 35 kwa kilomita 100, likiwa na abiria 60, kila abiria anabeba kama gramu 16 za hewa ukaa kwa kilomita. Gari dogo linalokunywa lita 9 kwa umbali huo, dereva akiwa peke yake, anabeba gramu 207. Ni zaidi ya mara kumi na mbili. Na hapo sijagusa foleni ya Ubungo, ambako gari lako litachoma mafuta likiwa limesimama huku basi likipita kwenye njia yake.

Njia hiyo ya mabasi peke yake ndiyo moyo wa mradi wa mwendokasi. Huduma ilipoanza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, jumla karibu kilomita 21, watu waliacha magari nyumbani kwa hiari yao kwa sababu basi lilikuwa linawahi. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya kimataifa. Hatukupewa kwa upendeleo. Barabara ilijengwa, na vituo, na njia za waenda kwa miguu pembeni.

Lakini njia bila mabasi ya kutosha haibebi mtu. Kila basi linaloegeshwa kwa kukosa vipuri linawasukuma watu wa aina yako, wenye uwezo kidogo, kwenda kununua gari, na aliyenunua gari harudi kirahisi. Kwa hiyo kuongeza mabasi na kuyatunza ni kazi ya mazingira sawa na kazi nyingine yoyote inayoitwa hivyo, na wanaopanga bajeti waione hivyo. Wewe ukinunua gari sitakulaumu. Ila wachukue majirani watatu mnaokwenda njia moja, mchangie mafuta. Zile gramu 207 zinakuwa kama 52 kwa kila mmoja.

Mimi ni mwanabodaboda hapa Nakuru. Tunauziwa pikipiki za stima. Lakini stima yenyewe si hutengenezwa na mafuta? Tunahamisha moshi tu kutoka hapa kwenda kwingine?

Swali zuri, kaka, na jibu linategemea nchi. Kwenu Kenya karibu asilimia 90 ya umeme hutokana na vyanzo visivyochoma mafuta: mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambao uko jirani yako kabisa, mabwawa ya mto Tana, na upepo wa Turkana. Pikipiki ya petroli inayokunywa lita mbili na nusu kwa kilomita 100 hutoa karibu kilo 6 za hewa ukaa. Ya stima hutumia kama uniti 4 kwa mwendo huo, na kwa mchanganyiko wa umeme wenu hiyo ni chini ya nusu kilo au hapo karibu. Hamhamishi moshi. Mnauondoa.

Kutengeneza betri kuna gharama yake kwa mazingira, ni kweli, lakini betri ya pikipiki ni ndogo, na mwanaboda anayekimbia kutwa huilipa deni hilo mapema kuliko mwenye gari la umeme linaloegeshwa nyumbani.

Kigali walianza zamani. Kampuni ya Ampersand imekuwa ikibadilishia madereva betri huko tangu 2019: unaacha iliyokwisha, unachukua iliyojaa, unaendelea na abiria wako. Kabla hujasaini mkopo, uliza mambo haya: vituo vya kubadilisha betri viko kwenye njia zako kweli? Bei ya kila badiliko inaweza kupandishwa bila wewe kushauriwa? Na betri ikichoka, gharama ni ya nani? Mkataba mbaya utakurudisha kwenye petroli hata kama pikipiki ni nzuri.

Nikipanda miti shambani kwangu Morogoro, si nafidia gari langu?

Panda, tena ya asili. Kufidia ni shida. Gari linalotembea kilomita 15,000 kwa mwaka kwa lita 9 kila kilomita 100 hutoa tani 3 na zaidi. Hata tukiukubalia kila mti mkubwa kilo 20 kwa mwaka, unahitaji miti zaidi ya 150 iliyokwisha kukomaa, isiyokatwa, isiyoungua. Na hilo ni gari moja.

Treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma inasifiwa sana. Kuna tofauti gani na ile ya Mombasa hadi Nairobi?

Ya Kenya, iliyoanza kubeba abiria 2017, inavutwa na injini za dizeli. Ya kwetu, iliyofika Dodoma Julai 2024, inatumia umeme, na Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 limeongeza sana sehemu ya umeme wa maji katika gridi yetu. Zote mbili ni bora kuliko kila familia kwenda na gari lake. Faida kubwa zaidi kwa maoni yangu iko kwenye mizigo, kila kontena litakaloshushwa kutoka kwenye lori la barabara ya Morogoro.

Afrika nzima inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Kwa nini tujisumbue?

Una haki ya kuuliza, na nchi zilizotajirika kwa makaa na mafuta zina deni ambalo halijalipwa. Lakini tazama kinachotokea hapa. Petroli na dizeli yote tunaagiza nje kwa dola. Moshi wake unavutwa na watoto wetu. Na miji yetu inajengwa sasa hivi. Nairobi, takriban safari 40 kati ya 100 ni za miguu. Watu hao tayari wanasafiri bila kutoa chochote, na tunachowalipa ni mitaro iliyo wazi na barabara zisizo na kivuko. Tukiwajengea njia ya miguu na ya baiskeli leo, wengi watabaki hapo. Tukiwajengea barabara za magari peke yake, kipato kikipanda kidogo watanunua pikipiki, kisha gari, na itakuwa akili yao nzuri.

Naendesha lori Dar hadi Tunduma. Mimi nifanye nini? Lori si langu.

Mengi, ndugu. Pima upepo wa tairi zikiwa baridi kabla ya kuondoka, maana tairi laini hula dizeli. Ukisubiri mizani au mpakani, zima injini. Mteremko utumie gia, usikanyage mafuta. Ukipita kilomita 80 kwa saa, upepo unaanza kukulia mafuta mengi, kwa hiyo ukipewa muda wa kutosha wa safari usikimbie. Halafu andika lita ulizojaza na kilomita ulizotembea kila safari, umpelekee tajiri wako. Akiona lita zilizookolewa, mwombe mgawane.